Barua Kwenye Mfuko wa Vigingi

Haya aliyasimulia Fokke mwenyewe, mkulima mstaafu wa hapa kijijini kwetu Frislandi, kaskazini mwa Uholanzi, majani yalipoanza kupukutika mwaka jana, tulipokuwa tukimenya viazi vya karamu ya kanisa. Aliyasimulia akiwa ameinamia kisu chake, masikio yamemwiva kama nyanya. Wahenga walisema mficha uchi hazai: mwenye kuona haya kulifunua lake humkosa wa kumsaidia. Fokke aliijua maana hiyo kwa ngozi yake.

Kwa miaka arobaini yeye na mkewe Hiske walikokota kijumba chao cha magurudumu nyuma ya gari kila kiangazi, wakipiga kambi huku na huko Ulaya. Dereva alikuwa Fokke, siku zote. Mwaka huo Hiske alitaka jambo moja tu: kurudi ziwa la Bohinj, kule Slovenia, walikokula fungate ndani ya hema linalovuja.

"Magoti haya hayana miaka mingi, mzee," alisema. "Twende mwaka huu."

Basi mwezi Machi ramani ikatandazwa mezani, kahawa ikamiminwa, kila mmoja akapewa biskuti yake moja na kopo likafungwa. Hiske akaandika orodha: sufuria, mtungi wa gesi, viazi, jibini. Fokke akapitisha kidole kwenye barabara asizoziona. Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na wingu. Alikuwa ametimiza miaka sabini na mitano, na daktari wa macho alikuwa amemwandikia barua: asiendeshe tena. Barua hiyo aliikunja akaizika kwenye mfuko wa vigingi vya hema, ambao Hiske hakuwa na kazi nao.

Uongo mmoja ukazaa mwingine. Alisema breki zinapiga kelele. Akasema milimani kutakuwa na theluji. Jirani yao Gerlof akamwona akienda dukani kwa baiskeli siku ya mvua, akamwitia juu ya ua:

"Fokke we! Gari linaatamia mayai?"

"Nanyoosha miguu," akajibu, aibu ikimchoma kama upupu.

Mwisho akasema lile lililombakia. "Nimepiga simu Bohinj. Kambi imejaa."

Hiske aliikunja ramani polepole kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha kabatini. Fokke akadhani limekwisha.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Hiske aliketi mbele yake. "Nimewapigia mwenyewe. Nafasi zipo tele." Kisha sauti ikampungua. "Fokke, kama hutaki kusafiri nami, sema. Mimi si mtoto."

Hapo moyo ulimpasuka. Alikuwa radhi mkewe amwone mvivu, hata bahili, ila si kipofu. Kumbe mkewe alijiona hapendwi. Akainuka, akapapasa njia hadi bandani, akarudi na mfuko akaumwaga mezani. Vigingi vikalia, barua ikaanguka juu yavyo.

Hiske aliisoma mara mbili. "Tangu lini?"

"Januari."

"Na mwezi jana ulinipeleka kwa dada yangu!"

"Nilikwenda polepole."

"Polepole! Yule mtu wa baiskeli alipiga ukelele, nikadhani mlevi."

Fokke akainamisha kichwa. Angeweza kuua mwana wa watu, na yote hayo kwa kuogopa kuchekwa.

"Safari ndiyo imekufa," akanong'ona.

"Imekufa kwa nini? Leseni yangu mimi ni ya kupikia supu?"

"Hujawahi kukokota kijumba."

"Trela la nyasi kavu la baba nimelikokota tangu usichana wangu. Nililirudisha nyuma hadi bandani, kuku hata hawashtuki."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Miaka arobaini umeung'ang'ania usukani kama mtoto na titi la mama!"

Wiki tatu Hiske alifanya mazoezi kwenye uwanja wa kijiji, Gerlof akimpangia ndoo za kuzunguka. Fokke alisimama kando, mikono mifukoni, na kijiji kizima kilipita kwa baiskeli kikimwona. Mwezi Juni wakaondoka. Njia yote ilikuwa kichwani mwa Fokke. Yeye alitaja kila njia panda, Hiske akakata kona.

Siku ya nne wakaingia Bohinj. Wapiga kambi, kama kawaida yao, waligeuza viti wamtazame mgeni akirudisha kijumba nyuma. Hiske alikiingiza kati ya misonobari miwili kwa mkupuo mmoja. Mzee mmoja akamuuliza Fokke:

"Leo umemwachia mama usukani?"

Ulimi ukamwasha kusema uongo: mkono umeteguka, nimechoka tu. Akaumeza uongo huo. "Macho yangu yamekwisha, bwana. Dereva ni yeye."

Yule mzee hakucheka. Alimshika mkono, akamwongoza hadi kivulini, akamwekea kiti kuelekea majini. Kwa Fokke ziwa lilikuwa doa la buluu pembeni mwa wingu. Hiske alisinzia kabla kahawa haijapoa, viatu vingali miguuni. Fokke akamvua, akamfunika blanketi, akakaa akimsikiliza anavyokoroma. Aibu ilikuwa bado ipo, ila sasa haikuwa na pa kujificha. Kisha naye akajiegemeza, akalala. Mficha uchi hazai.