Bunduki Zilizosemwa Hazichafuki

Sifa haisafishi mtutu. Mmemsikia mjomba wenu akimwambia fundi wa cherehani anayeisifu mashine yake bila kuitia mafuta, mkauliza bunduki imeingiaje katika habari ya nguo. Sogeeni, wajukuu, chimbuko lake ni hili.

Zamani za vita vya mpakani, kikosi kimoja kililetewa bunduki mpya, nyepesi kama mwiko. Afisa aliyezileta alizisifu kuwa hazichafuki, kikosi kizima kikaitikia sifa hiyo, hivyo mafuta na vitambaa vya kusafishia vikakusanywa na kurudishwa ghalani. Koplo Mapunda, Mngoni, aliendelea kuifuta yake kwa pindo la shati. Rafiki yake Ndalahwa, Mnyamwezi, hakuacha kumtania, maana makabila yao ni watani.

"Mngoni hata apewe bunduki, atainoa kama mkuki."

"Lete na yako niifute."

"Ili uiibe?"

Kambi nzima ikacheka. Kicheko kilipozidi, Mapunda naye akaacha kufuta.

Asubuhi moja walipanda kilima chenye msitu wa mianzi na ukungu mzito. Kundi la Ndalahwa likatangulia. Mapunda akasikia risasi chache za wenzake, kisha za adui, nyingi. Halafu upande wa wenzake ukabaki mlio mmoja tu: kacha, kacha, kacha, kama watu wengi wanaovunja vijiti. Alikimbilia huko akimwita mtani wake. Hakuitikiwa, na mlio ulizidi kupungua. Ulipobaki wa bunduki moja, akaufuata huo. Nao ukanyamaza.

Adui alikuwa amekwenda zake. Wenzake aliwakuta wameegemea mianzi, bunduki zimefunguliwa mapajani, vidole vyeusi kwa masizi. Ndalahwa alikuwa ameiinamia yake kama mtu anayeshona kifungo. Ndani ya bunduki hiyo ganda la risasi lilikuwa limeng'ang'ania. Mapunda akaikoki yake mwenyewe, akaielekeza juu, akafyatua.

Kacha.

Akaiweka chini, akamfuta rafiki yake umande usoni, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

Askari waliofika nyuma walisimama wakimtazama. Kwa mila, mtani ndiye humtania maiti, ili waliobaki wapate kupumua. Mapunda alitafuta neno la kuchekesha.

"Mnyamwezi," alisema, "bunduki hizi tulizisifu wote, wewe na mimi. Sifa haisafishi mtutu."

Hakuna aliyecheka. Walivua mashati, wakayachana, wakaketi palepale ukunguni kufuta bunduki zao. Na kila aliyempa mwenzake kipande cha kitambaa alimwambia kwa sauti ya chini: sifa haisafishi mtutu.