Upanga Ulioshindwa Kushuka

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili, Konradi na Yosti. Alikuwa fundi wa ngozi katika mji wa kale wa Ulaya, na kwa kuwa aliwapenda wanawe na njia za siku zile hazikuwa salama, akawapeleka kwa mwalimu wa upanga mrefu, ule unaoshikwa kwa mikono miwili.

Mwalimu alianza na mikao ya kujihami. Upo mkao wa kuinua upanga juu ya bega, tayari kushuka. Upo wa kuielekeza ncha usoni mwa adui. Na upo mmoja ambao ncha hutazama chini na mwili wote huachwa wazi. Huo waliuita Mjinga. Konradi, yule mkubwa, aliupenda mkao wa juu, na kwa kweli ulimpendeza. Ule wa Mjinga aliukataa katakata, maana majirani walikuwa wakichungulia uani naye hakutaka kuchekwa. Yosti alijifunza, akachekwa.

Baba yao alipofariki, wakagombania karakana. Maneno yakawa makali, hata asubuhi moja wakakutana uwanjani na panga zao, mama yao akilia pembeni.

Konradi akainua upanga begani. Yosti akateremsha ncha yake hadi kwenye nyasi, akatulia. Konradi akangoja ashambuliwe, asishambuliwe. Kumpiga hakuweza, huyu ni mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Jua likapanda, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamwingia machoni. Msimcheke, jamani. Wakati huo alitamani kupumzika kuliko alivyoitamani karakana, lakini hakuwahi kujifunza kusimama na upanga chini, na aliamini kwamba akiushusha tu, atauawa.

“Kaka, shusha,” Yosti akasema. “Sikuja kukupiga.”

Konradi hakumwamini. Aliushikilia vivyo hivyo mpaka nguvu zikamwishia, upanga ukamponyoka na kuanguka. Akafumba macho, akingojea pigo. Kilichomfikia ni mkono wa mdogo wake, ukimshika kiwiko asianguke.

Nawe uliyemwinulia ndugu yako upanga tangu mlipomzika baba yenu, mikono yako haijachoka bado?