Kwa Nini Njia ya Chumvi Inapinda

Mimi nilikuwepo. Naanza na hilo asije mtu akanikata maneno katikati na kuniuliza, "Nani kakuambia?" Hakuna aliyeniambia. Nilikaa juu ya jiwe lile pale, lile lenye kibiongo, natafuna mzizi, na yote nitakayosema niliyaona kwa macho haya mawili, la kulia likiona vizuri zaidi. Umri wangu wakati ule msiuulize. Miaka ilikuwa bado haijaanza kuhesabiwa, na mimi mwenyewe shule niliishia darasa la nne, hesabu za mbali hivyo hatukuzifikia.

Nyinyi vijana wa pikipiki mnailaani kona hii kila siku. Mteremko mtupu, hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna shimo, njia inakwenda vizuri halafu ghafla inajikunja kama mtu aliyeshikwa na tumbo, kisha inanyooka tena. Na juzi binti wa Mihayo, yule anayesomea sheria chuoni, alisimama hapa hapa akatueleza kwamba wasomi mpaka leo hawajakubaliana sheria ni kitu gani. Wapo wanaosema ni amri ya mwenye nguvu. Wapo wanaosema imetoka juu, ilikuwepo kabla ya watu. Wengine wanasema ni mazoea tu, na wengine ni mapatano. Nikamwambia, "Mwanangu, hao wasomi hawasemi uongo. Ila hawakuwepo." Akacheka. "Haya, baba mdogo, wewe uliyekuwepo tusimulie." Basi.

Zamani njia zote zilikuwa zimenyooka. Mtu akitaka kwenda mahali, alielekeza pua huko akaifuata. Kibanda kikitokea mbele, msafara uliingia kwa mlango wa mbele ukatokea uani, ukiwasalimu wenye nyumba waliokaa kula. Aliyelala njiani alirukwa. Aliyepanda njiani alipanda majani ya kukanyagwa, na hakukasirika, maana hakujua kwamba mambo yangeweza kuwa vinginevyo. Neno "pisha" lilikuwepo, lakini lilisemwa na mwenye mzigo mkubwa kwa mwenye mzigo mdogo, basi.

Na mizigo ilikuwepo, jamani! Kiangazi kikiingia, watu wa huku walikwenda kwenye chemchemi za maji ya chumvi, wakayachemsha vyunguni mpaka ukabaki weupe mtupu, wakaufunga kwa magome ya miti na kurudi nao kichwani, mstari mmoja mrefu. Walirudi wakiimba. Harufu ya chumvi mbichi, yenye moshi ndani yake, ilifika kijijini kabla ya nyimbo, na nyimbo zilifika kabla ya watu. Siku hizi chumvi inakuja dukani ndani ya pakiti, kimya kimya, kama mgeni asiyetaka kuulizwa atokako.

Ukaja mwaka wa njaa. Watu walikula mavuno, wakala akiba, mwisho wakala mbegu. Aliyebaki na mbegu alikuwa bibi mmoja tu, Nyanzobe, mjane aliyekonda mpaka kivuli chake kikamzidi unene. Alilala amekikumbatia kibuyu chake cha mbegu za mtama, tumbo linanguruma, na hakukifungua. Mvua kidogo ilipodondoka, alitafuta udongo wenye unyevu kila upande akaupata mahali pamoja: hapa, ambapo maji ya mlimani yalijipenyeza chini ya njia yenyewe. Akapanda njiani. Mtama ule ukiiva, kijiji kingekuwa na mbegu. Ukikanyagwa, hakuna mbegu, na hakuna kijiji.

Ulikuwa umeanza kuchipua pale msafara uliposhuka kuelekea chumvini. Mbele alikuwa Lugembe, kiongozi wao, mwanaume mwenye shingo kama kinu. Nyanzobe akasimama mbele ya vichipukizi vyake.

"Pisha, bibi," Lugembe akasema. "Nikikukanyaga si utalia?"

"Mimi nikanyage. Mtama usiukanyage."

"Ala! Sasa niruke kama chura?"

"Zunguka, mjukuu wangu."

Watu wakaangua kicheko. Maji huzunguka, tai huzunguka, lakini mtu mzima mwenye miguu yake azunguke vipi? Lugembe, kwa vile alipenda kutazamwa, akachomeka fimbo yake ardhini akanguruma, "Nasema mimi! Atakayepita hapa, mgongo wake utanijua!"

"Fimbo yako siitaki," Nyanzobe akamwambia polepole. "Naomba unyayo wako tu."

"Unyayo wangu mdogo, bibi. Amri yangu ndiyo kubwa."

Na kweli watu walizunguka, mmoja mmoja, wakiitazama fimbo. Lugembe aliwasubiri wakaisha wote, akaichomoa fimbo yake, na yeye mwenyewe akakata katikati ya mtama, maana amri ilikuwa yake. Alipopotea bondeni, waliobaki kijijini wakaanza kupita kama zamani.

Nyanzobe akamwendea Kashindye, mganga wa mvua. Kashindye alikuja na kitambaa chekundu, akakifunga kwenye kijiti, akatangaza kwamba katazo limetoka juu na mkaidi atapigwa na radi. Watu waliogopa sana, mpaka adhuhuri. Adhuhuri mbuzi wa Kashindye mwenyewe aliingia, akala mstari mzima, akajilaza palepale anacheua. Tukatazama juu. Hata kiwingu hakuna.

"Mbuzi hajui," Kashindye akasema.

"Basi na mimi sijui," akajibu mtu mmoja, akapita.

Bibi akaenda kwa Mzee Ngelela, aliyekuwa ameziweka mila zote kichwani. Mzee alifikiri kwa huruma ya kweli, akasema, "Dada yangu, babu zetu walipita moja kwa moja."

"Na walikula nini, hao babu?"

"Mtama."

"Ulipandwa wapi?"

Mzee Ngelela akakuna kidevu. Hilo mila haikumwambia.

Mwisho kijiji kizima kikakaa, kikapatana. Tulikunywa maji kwa kata moja, kila mtu akiapa kwamba hatapita. Kilikuwa kiapo kizuri, nami nilikunywa. Asubuhi yake mtu akaja peke yake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajiambia kwamba unyayo mmoja hauui shamba. Akaja mwingine, naye akajiambia hivyo hivyo. Nikawaona wote kutoka kwenye jiwe langu, na sikusema kitu kwa sababu mdomo ulikuwa na mzizi.

Mtama uliosalia ulikuwa kipande cha ukubwa wa mkeka. Nyanzobe akaishiwa nguvu za kusimama. Akajifungia ndani, akajilaza na kibuyu chake kitupu.

Mtama huo mdogo ulikuwa umefika gotini pale harufu ya chumvi ilipotufikia, kisha nyimbo, kisha watu. Sasa nisikilizeni vizuri. Mwenye mzigo wa chumvi kichwani haoni mbali. Shingo imekaza, macho yameshuka. Anachokiona ni visigino vya aliye mbele yake, na huyo anaviona vya aliye mbele yake, hivyo hivyo mpaka kwa kiongozi, ambaye peke yake ndiye anayeiona njia.

Lugembe alifika hapa akasimama. Nyanzobe hakuwepo. Kitambaa kilikuwa kimechukuliwa na upepo. Hakukuwa na wa kumzuia wala wa kumsifu. Mbele yake, moja kwa moja, aliuona moshi wa kijiji, akajua pale pana maji ya kunywa na mkeka wa kulalia. Kando palikuwa na mawe matupu. Niliuona unyayo wake ukiinuka. Ulikaa hewani kama wa korongo, nami nikaacha kutafuna. Kisha ukashuka kando.

Aliingia kwenye mawe na mzigo wake. Aliteleza, goti likachanika, gome likapasuka, na chumvi nyingi ikamwagika juu ya lile bamba la mwamba ambalo mpaka leo mbuzi wanaliramba na nyinyi mnadhani wamerogwa. Akajiinua, akaendelea. Nyuma yake visigino vikafuata visigino, na msafara mzima ukajikunja kuuzunguka mtama. Fimbo haikuwepo wala radi, na wengi hawakujua hata walichokizunguka. Alipoikanyaga tena njia iliyonyooka, Lugembe aligeuza shingo kutazama kama wanamfuata. Walikuwa wanamfuata.

Kesho yake wachota maji waliiona njia mpya imekanyagwa, wakaifuata. Watoto wakaifuata. Hata mbuzi wa Kashindye aliifuata, maana siku hizo mwamba ulikuwa mtamu kuliko mtama. Mtama ukaiva. Nyanzobe alinyweshwa uji wake, akainuka, akagawa mbegu kila nyumba, hata kwa waliokanyaga, akijua fika ni akina nani. Alipompa Lugembe fungu lake hakumtazama usoni. Aliitazama miguu yake.

"Kumbe si mdogo," akasema.

Bibi yule alikufa mzee, ameshiba. Maji ya mlimani yakahama, yakatokea kwingine, na hakuna aliyepanda hapa tena. Lakini njia haikurudi. Na tangu siku hiyo njia za watu hupinda, zikipita pembeni ya vitu ambavyo vingine havipo tena. Wajukuu wa Lugembe wanasema kona hii ni amri ya babu yao. Wa Kashindye wanasema imetoka juu. Wa Ngelela wanaapa kwamba tangu zamani za kale ni hivi hivi, na wengine wanasema tulipatana, tukanywa kwa kata moja. Wanagombana wakitembea, na wakifika hapa wote wanazunguka, huku wakiendelea kugombana.

Mwaka jana lilikuja greda kuchonga barabara. Dereva alitoka mbali, hana shangazi wala mjomba huku. Alifika, akapunguza mwendo, akazunguka. Nikamuuliza kwa nini. Akashangaa. "Si njia inapita huku, mzee?" Nikajikuta nanusa hewa, kana kwamba nyimbo zingefuata.

Nimesema nilikuwepo, na hapo sirudi nyuma. Jambo moja tu ndilo nililoongeza mwenyewe: pale Lugembe alipogeuza shingo. Hakugeuza. Mwenye mzigo wa chumvi kichwani hageuzi shingo. Nimemgeuza mimi, kwa sababu mimi ningegeuka.