Ubavu Ambao Ngwali Hakuugusa

Hadithi iko mlangoni, wenyewe mpo?
Tupo, ipitishe.
Imekuja kwa miguu minne.
Tumeitandikia majani.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema pale tu walipochoka kunyamaza, palikuwa na mtu akiitwa Ngwali, mpima mimba wa kijiji. Mwenye mnyama akimwita, alijipanga ubavuni, mnyama akiwa kulia kwake, uso wake ukielekea anakoelekea mnyama, akaweka kiganja tumboni, akasema, "Mkono wangu wa kulia hauna uongo."

Wa kulia, siku zote. Wa kushoto una kazi zake chooni, na Ngwali aliona si adabu kumgusa nao mama wa mtu, hata akiwa mama wa ndama.

Akapima mbuzi wa Faki mchinjaji. "Mkono wangu wa kulia hauna uongo. Hii ni shibe tu." Wiki haikuisha, mbuzi akazaa mapacha.

Akapima kondoo wa Bi Mize. "Mkono wangu wa kulia hauna uongo. Hii ni shibe tu." Kondoo akazaa kabla Ngwali hajamaliza kahawa ya ahsante.

"Hiyo mimba imeingia baada yangu," akasema, akanywa iliyobaki.

Watu wakacheka, wakaendelea kumwita. Alikuwa mtu mwema, na hakuna aliyemwambia kitu.

Ikaja karamu ya mavuno. Kila mwaka nyumba moja hutoa mnyama wa kuchinjwa, na zamu ilikuwa ya Ngwali. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu duniani, Kidoti. Desturi ilisema ng'ombe mwenye mimba husamehewa. Ngwali akajipanga ubavuni, akaomba moyoni iwe mimba, akapapasa.

"Shibe tu," akasema.

Mkewe, Hidaya, akaleta kamba. "Baba Subira, tangu apandwe nafunga fundo kila mwezi unapoandama. Haya ni saba. Na dume hamsogelei tena."

"Kamba haina mkono, mke wangu."

"Na mkono hauna hesabu, mume wangu."

Faki akaanza kunoa kisu. Hapo Kidoti akachoka kunyamaza.

"Ngwali, nenda upande wa pili."

"Huku ndiko ninakosimama siku zote."

"Ngwali, nenda upande wa pili."

"Huko nitalazimika kutumia mkono wa kushoto."

"Ngwali, nenda upande wa pili."

"Watu wataniona."

"Waone," akasema Kidoti. "Kushoto kwangu naweka majani. Mwanangu nimemlaza kulia. Miaka yote hiyo wewe unapima chakula cha mchana."

Ngwali akatazama kisu, akatazama kamba, akazunguka. Akakunja ngumi ya kushoto, akaisukuma taratibu chini ya ubavu wa kulia, akaituliza hapo. Akangoja. Kitu kigumu kikaja kutoka ndani, kikamgonga.

"Vipi," akauliza Faki, "ni shibe?"

"Kama ni shibe," akasema Ngwali, "basi ina kwato."

Kisu kikarudi alani. Kidoti akasema, "Usinikamue tena mpaka nizae. Malishoni nitenge na wenye pembe. Nipe majani mabichi, na maji nisiyaombe." Kisha akanyamaza, hajasema tena mpaka leo.

Karamuni watu walikula maboga ya Ngwali, wakitafuna na kumtazama. Yeye alikula kuliko wote, mdomo ujae, asiulizwe.

Hidaya akafunga mafundo mawili zaidi, na siku chache juu yake, Kidoti akazaa ndama jike. Wakamwita Mashoto.

Ngwali bado anaitwa kupima. Hufika, husimama kulia, husimama kushoto, kisha humuuliza mwenye mnyama, "Nyumbani kwako nani anafunga kamba?" Akijibiwa hakuna, hurudi kwake kunywa kahawa.

Mnaofuga, hesabuni miezi tangu siku ya dume, na mpapase pande zote mbili kabla ya kusema tasa. Na mimi simcheki Ngwali. Nilimtukana kuku wangu mwaka mzima kwa kutotaga, mpaka alipowika.

Hadithi yangu imekunywa maji, imelala.
Tuiamshe?
Mkiiamsha, igongeni kwa upande wa pili.