Boliti Iliyogoma Ilula

Mlegeza kutu huanza kwa kukaza. Mmeisikia leo kwa mama yenu mdogo alipokuwa akimbembeleza mtoto aliyegoma kunywa dawa, mkacheka, mkaniuliza kutu na dawa vinahusiana nini. Sogezeni viti basi. Methali hii ilianza hivi.

Pale Ilula, kabla barabara haijaanza kuteremka mlima Kitonga, palikuwa na fundi wa malori aitwaye Kihwele, Mhehe mwenye mikono minene na subira nyembamba. Mchana mmoja, ugali ukiwa bado unafuka mvuke mbele yake, liliingia lori asilolijua, likasimama kwa kuyumba. Gurudumu la mbele lilinuka chuma kilichoungua. Dereva akaruka chini kabla injini haijanyamaza.

"Naitwa Mazengo. Natoka Njombe na viazi. Kesho asubuhi binti yangu anaolewa Morogoro. Nitazamie breki hii, haraka."

"Mazengo? Kumbe Mgogo!" Kihwele akanawa mikono huku akicheka. "Siku hizi mnaomba hata breki?"

"Nawa vizuri, Mhehe. Hicho kitoweo chako jana kilikuwa kinabweka."

Wagogo na Wahehe ni watani tangu zamani za babu zao: Mgogo hutaniwa kuwa ombaomba, Mhehe kuwa mla mbwa. Mtani akikutukana unacheka, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayekuja kushika kazi za mazishi.

Gurudumu likatolewa. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Ili ziwekwe mpya ilibidi kufungua kalipa, kile chuma kizito kinachoibana diski, nayo ilishikwa na boliti mbili zilizoliwa na kutu.

Boliti ya kwanza Kihwele aliifanyia kama alivyofundishwa ujanani. Hakuivuta. Aliimwagia mafuta ya taa, akaigonga kichwa kwa nyundo, kisha akaikaza kidogo, upande uleule ilikokuwa imeelekea. Tak! Kutu ikakatika. Hapo ndipo alipoizungusha kinyume, ikatoka.

Lakini Mazengo hakutulia. Alizunguka lori, akachungulia, akazunguka tena. Simu ililia, akajibu, "Nipo njiani, mwanangu, nipo njiani." Akamgeukia fundi. "Wewe, unafungua chuma au unakiposa?"

Kihwele akacheka, lakini haraka ikamwingia mkononi. Kwenye boliti ya pili alipachika spana, akaiongezea bomba refu, akavuta moja kwa moja. Spana ikateleza. Kona za kichwa cha boliti zikalika, kikabaki mviringo kama kifungo cha koti.

"Acha," Mazengo akasema. "Ziba mrija wa breki wa gurudumu hili, rudisha tairi, nishuke na breki zilizobaki."

"Na mzigo huo? Kitonga itakumeza."

"Tazama Mhehe anavyouogopa mlima wa kwao!"

"Sikutanii, Mazengo. Watu wamekufa pale."

"Mnajua kutisha wageni tu, nyie. Lete tairi."

Hapo ndipo kosa lilipokaa. Kwa watani, neno la kweli na neno la mzaha huvaa nguo moja. Kila Kihwele alipomkataza, Mazengo alisikia dhihaka, na mwanamume gani angekubali mtani wake amrudishe nyuma? Akalibingirisha tairi mwenyewe, anataka kulipachika. Katikati ya njia akasimama kuitazama simu tena. Kihwele akaona kwamba huyu hakuwa mbishi kama alivyodhani. Alikuwa baba anayeogopa binti yake asije akasimama kanisani bila mtu wa kumkabidhi.

Akaitazama ile boliti iliyotoka, akaitazama iliyogoma. Akaweka bomba chini.

"Haya," akasema kwa upole. "Umeshinda. Naziba mrija, unashuka. Ila mimi nakaa kiti cha utingo."

"Ufanye nini?"

"Kazi ya mtani ni kuzika. Nikiwa karibu, ndugu zako hawatahangaika kunitafuta."

Mazengo akatikisa kichwa. "Hupandi."

"Napanda. Breki ziwe nzima, zisiwe nzima, leo Kitonga tunashuka wote."

"Una watoto wewe?"

"Ninao. Nawe una bibi harusi."

Dereva akaliachia tairi, likalala mavumbini. Akaketi juu yake, akajishika kichwa. Simu ikalia tena, safari hii akasema, "Nitachelewa kidogo, mwanangu, lakini nitafika."

Kisha akainua macho. "Itoe, mtani. Itoe taratibu."

Kihwele akachukua spana ya boksi iliyo ndogo kidogo kuliko kile kichwa kilicholika, akaigongelea kwa nyundo mpaka ikang'ata. Akamwaga mafuta ya taa. Wakangoja yaingie, Mazengo akitafuna kucha. Halafu fundi akaikaza. Tak! Akairudisha, ikafuata kama mtoto aliyechoka kulia.

Alasiri breki zilishika. Wakati huohuo trekta la Mama Sanga, mkulima mkubwa wa nyanya, likakokotwa mpaka uani. Kazi ya matrekta yake ingemlisha fundi msimu mzima, na mama huyo hakuwa na desturi ya kumsubiri mtu.

"Baki, mtani," Mazengo akasema. "Breki nzima sasa. Nimekufungua kwenye ahadi yako."

"Kihwele, ukiondoka nalipeleka kwa mwingine," Mama Sanga akaonya.

Kihwele akalipita trekta, akafungua mlango wa lori. "Lipeleke, mama. Huyu nilimwambia breki ziwe nzima, zisiwe nzima, tunashuka wote."

Akapanda. Kona za Kitonga wakazishuka polepole, wakitukanana kwa raha, hadi Ruaha Mbuyuni. Pale fundi akateremka, akavuka barabara, akasimama kutafuta gari la kumrudisha kwenye ua usio na trekta.

Mazengo alimkabidhi binti yake. Na tangu siku hiyo, kila dereva aliyemwuliza ni nani aliyeweza kumbadilisha nia, alimjibu kwa maneno haya mliyoyasikia leo. Basi mkikutana na moyo uliogoma, wanangu, msiuvute. Nendeni nao kidogo kule unakoelekea, na muwe tayari kwenda kweli. Mlegeza kutu huanza kwa kukaza.