Kwa Nini Salamu Huulizwa Tena na Tena

Ninyi mnaonicheka kwamba salamu zangu hazina mwisho, kaeni niwaambie zilikotoka.

Zamani, huku kwetu milimani Upare, watu hawakusalimiana. Haukuwa utovu wa adabu. Usiku akili ya mtu ilitoka kutembea, na asubuhi ilirudi kwa kufuata sauti ya mwenyewe. Kwa hiyo kila aliyeamka alijisemea maneno mawili matatu, akili ikamsikia, ikaingia, naye akashika jembe lake.

Alikuwepo mtu aitwaye Senkondo, mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Mwanawe wa pekee, Mkunde, alizama humo. Tangu kumzika, Senkondo hakufungua kinywa. Akili yake ilitoka usiku, asubuhi haikusikia sauti ya kuifuata, ikapotea. Wazee wakasema ana pepo, na atakayezungumza naye, pepo atamhamia. Wakamfungia bandani, chakula wakawa wanakisukuma kwa mti.

Dada yake, Nakiete, alitii mwezi mzima. Alikuwa na hamu na kaka yake, na kicheko chake, hata na ubishi wake. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, akaenda akaketi mlangoni.

"Kaka, umeamkaje?"

Akarudi kesho yake kumwuliza vilevile, na siku zilizofuata, mpaka mahindi yakabeba. Asubuhi moja Senkondo akajibu, "Salama." Nakiete alirudi nyumbani nusura akimbie kwa furaha. Jioni akamkuta ameugeukia ukuta vilevile. Hapo akajua kwamba lile jibu lilikuwa la mdomo tu, akili haikuitambua sauti hiyo.

Kesho yake hakuondoka upesi.

"Na usingizi?"

"Salama."

"Na mwili?"

"Salama."

"Na Mkunde, kaka?"

Senkondo akapiga yowe lililosikika hadi ng'ambo ya bonde, akalia, akaliita jina la mwanawe. Akili ikaitambua sauti ya mwenyewe, ikarudi imechoka. Yule Senkondo wa vicheko hakurudi tena, na Nakiete alimlilia mpaka uzeeni. Lakini kaka alitoka bandani, wakalima pamoja.

Na tangu siku hiyo tunaulizana tena na tena: za kuamka, za nyumbani, za watoto.

Mdogo wangu Eliewaha alinijibu "salama" hapo njiani, nami nilikuwa nawahi gulioni. Wiki ileile tukamzika. Mpaka leo natamani nimwulize swali la pili.