Kibuyu cha Mawazo cha Bwana Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, wakubwa kwa watoto. Hapo zamani za kale, Ngiri alikuwa na ghala la mahindi. Wanyama walitwanga, du! du! du! Yeye alikaa kivulini akijikuna tumbo. Ujira wao ulikuwa mahindi, na ulitunzwa humo humo ghalani.

Siku moja Ngiri akatundika kibuyu mlangoni.

"Mwenye wazo la kuboresha kazi anong'one humu, kisha azibe kwa gunzi. Wazo bora litapata mkungu wa ndizi!"

Fuko, mama wa watoto wanne, akafurahi. Yeye alitembea chini ya ardhi, akajua ukuta wa ghala umetoboka kwa chini. Mvua ikinyesha, chakula cha wanawe kitaoza. Akanong'ona: "Tuchimbe mfereji, siku mbili tu." Akaziba. Kimya. Akanong'ona tena. Kimya.

Siku ya zawadi ikafika. Ngiri akatoa kifua mbele.

"Mshindi ni Kasuku! Anasema mniimbie kila asubuhi!"

Fuko akajikaza. "Na mfereji wangu, Bwana?"

"Mfereji! Wewe pua yako huioni, mvua utaionea wapi?"

Kwa! kwa! kwa! Wote wakacheka.

Fuko akaenda mlangoni, akachomoa gunzi, akanusa. Togwa! Kumbe kila jioni bwana mkubwa alikishusha kibuyu cha mawazo, akakijaza togwa, akanywa, akacheua.

Siku hiyo hiyo Fuko akadai mahindi yake, akayabeba, akahamia kwa Kakakuona, mwenye kighala kidogo.

"Mama Fuko, hebu rudia polepole, nisikose hata neno," alisema Kakakuona.

Wakachimba mfereji. Kakakuona akamwita mbele ya wote, akamtaja jina, akamwongezea kapu zima.

Mvua ikaja. Shwaaa! Kwa Kakakuona maji yakapita pembeni. Kwa Ngiri yakaingia, bwata! bwata! Mahindi yakavimba, yakanuka. Watwangaji wakaona ujira wao umeoza, wakaondoka mmoja mmoja.

Ngiri akasimama majini, kibuyu chake kikielea.

"Mawazo! Nipeni mawazo!"

Alikuwa amebaki Kasuku tu. Kasuku akasafisha koo, akaimba.

Basi, ukiomba watu mawazo, yasikilize, na mwenye wazo umpe haki yake. Ukiwazawadia wanaokusifu tu, utabaki na nyimbo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye neno na aseme, nasikiliza.